Jina la Baba Mkwe kwa Kiingereza

Ak-Jar, 9 Februari 1997

Salkin, binti wa kaka yangu,

Pokea busu la paji la uso. Huku theluji imepanda hadi madirishani, na umeme unakuja kama mgeni mwenye haraka, hata chai hanywi. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa dume, na baba watoto amefurahi kuliko siku zote nilizomzalia wanawe. Mzee wa nyumbani, baba yake, anaendelea vizuri, ila goti linamsumbua akipanda farasi. Na wewe je, unakula? Baba yako alisema hapo bwenini mnapikia jiko moja wasichana wanne. Usione haya kula kwanza, wenye haya hulala njaa.

Haya. Nimejaza ukurasa kwa salamu maana sitaki kufika ninakokwenda.

Mkuu wa shule aliniita wiki iliyopita. Akaniambia, "Mwalimu Jiparkul, Kirusi kimekwisha soko. Kuanzia Septemba utafundisha Kiingereza." Nikamjibu Kiingereza sikijui. Akacheka. "Nani anakijua hapa? Upel, mwalimu wa Kijerumani, nimempa darasa la saba. Mtakuwa mnawatangulia watoto somo moja, basi." Lakini Mei inakuja tume kutoka mjini kutupima: kusoma habari na kujibu maswali, kisha mazungumzo. Atakayeshindwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Mwanangu, mimi ndiye niliyewafundisha Kirusi wana wa bonde hili zima. Wapo niliowafundisha ambao leo ni madaktari. Nikipita njiani wanaume walikuwa wanashuka farasi kunisalimia. Sasa nimekaa na kitabu cha watoto chenye picha ya paka, nikijua neno paka tu. Nimeshindwa hata kumwambia baba watoto. Anaamini mkewe anajua kila lugha iliyo na herufi.

Naomba unifundishe. Nasema naomba, mimi niliyekufuta makamasi. Nitumie habari fupi na maswali, nami nitajibu, unisahihishe bila kunionea huruma. Ila usimwambie baba yako, wala bibi yako, wala mtu yeyote. Akikuuliza mtu mbona barua nyingi, sema unanitumia mitindo ya kufuma.

Shangazi yako,
Jiparkul


Bishkek, 2 Machi 1997

Shikamoo Shangazi yangu mfumaji,

Nimeisoma barua yako nimekaa ngazini, nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Mimi mzima. Nakula, usiwe na wasiwasi, mkate na chai, na Jumapili tambi. Bibi anakusalimu. Nilikwenda Kochkor sikukuu, akaniuliza, "Shangazi yako huko kwa watu anakaa kwa adabu?" Nikamwambia anakaa kwa adabu mpaka inachosha. Akafurahi.

Sasa mwalimu ni mimi, kaa vizuri. Kwanza, usisome habari neno kwa neno ukitafsiri kwa Kirusi kichwani. Najua unafanya hivyo. Soma maswali kwanza, ujue unatafuta nini, ndipo uingie kwenye habari, kama mtu anayekwenda sokoni akijua anataka chumvi. Pili, Waingereza wana kijineno kidogo wanachokiweka mbele ya kila kitu, sisi hatuna na Warusi hawana. Utakisahau kila mara. Hata mimi nakisahau. Tatu, usiruke kile kitenzi cha "kuwa". Ukisema "mimi mwalimu" kwa Kiingereza, wanaona umekatika katikati.

Halafu kuna ile sauti ambayo ulimi lazima utokeze katikati ya meno. Simama mbele ya kioo, toa ulimi, puliza.

Habari niliyokutungia inamhusu kijana Tom na babu yake mwoka mikate. Maswali ya mwanzo yanatoka kwenye habari. La nne linakuhusu wewe: "Mkubwa wa nyumba yenu ni nani? Anaitwa nani? Anafanya kazi gani?" Tume huwa wanapenda sana kuuliza mambo ya familia, mwalimu wetu ametuambia. Jibu kwa sentensi kamili.

Mwanao na mwalimu wako (usinichape),
Salkin


Ak-Jar, 30 Machi 1997

Mwalimu Salkin, marahaba,

Barua yako ilikaa Naryn siku nyingi, barabara ilifungwa na theluji. Tumemaliza baridi salama. Ndama anakua. Mavyaa wangu angekuwa hai angesema amenona kuliko mkamwana wake.

Majibu yangu yapo karatasi ya pili. Nimesoma habari ya Tom mara nyingi, mpaka sasa nampenda yule mwoka mikate kama ndugu. Unajua kilichonishangaza? Nimeelewa! Nilipofika mwisho niliruka kama msichana. Niliposoma kwamba babu alimwekea mjukuu mkate wa moto dirishani, sikutafsiri, niliuona ule mkate.

Sasa kuhusu ulimi wako huo. Loo, umenitia majaribuni! Wewe hujaolewa, hujui. Mkamwana atoe ulimi nje mbele ya baba mkwe? Nilikuwa ninajaribu jikoni, napuliza, ulimi uko nje kabisa, mara mzee huyo mlangoni. Akageuka akatoka. Nilitamani kujifunika sufuria. Tangu siku hiyo nafanyia mazoezi zizini. Ng'ombe ananitazama kwa dharau lakini ng'ombe hasemi kwa majirani.

Nimejibu yote. Swali la nne nimejibu la kazi: mzee alikuwa mchungaji wa farasi wa shamba la serikali, sasa ana farasi wake mmoja. Nisahihishe.

Shangazi yako


Bishkek, 18 Aprili 1997

Shikamoo Shangazi,

Haraka haraka, nina mtihani kesho. Huku joto limeanza, miti ya barabarani ina maua. Nakula.

Umefanya vizuri mno! Kijineno umekisahau karibu kila mahali, lakini habari umeielewa kuliko wenzangu wa darasani, na siongopi. Ila swali la nne umeacha pengo. Umeandika, "Mkubwa wa nyumba yetu ni baba mkwe wangu. Anaitwa", halafu kimya, halafu ukarukia farasi. Tume hawataki kimya. Kwao kimya maana yake hukuelewa swali. Ni sentensi nyepesi kuliko zote, watoto wa darasa la tano wanaijua. Jaza.

Kila la heri Mei. Niandikie siku hiyo hiyo!

Salkin


Bishkek, 11 Juni 1997

Shikamoo Shangazi yangu,

Salamu nyingi. Mei imepita na sijapata neno lako. Nimeuliza kwa baba, anasema mko wazima, mmepeleka mifugo malishoni. Bibi naye haniambii kitu, ila nikikutaja anabadilisha mazungumzo, anaanza habari za maziwa. Umekwenda kwenye tume? Umekasirika? Kama nilikosa adabu kwenye barua zangu, nisamehe, ulimi wangu wa mjini.

Nijibu hata mstari mmoja.

Salkin wako


Malishoni juu ya Ak-Jar, 3 Julai 1997

Salkin mwanangu,

Tuko juu mlimani na hema, nyasi zimefika magotini, maziwa ya farasi yamechachuka vizuri mwaka huu. Watoto wamekuwa weusi kwa jua. Kila mtu mzima, isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu hauna dawa.

Nimeshindwa, Salkin.

Walitupima shuleni kwetu, madirisha wazi kwa sababu ya joto, na watoto wamejazana nje. Watu watatu mezani. Anayeuliza ni msichana mwenye miwani, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Akatangaza sheria: ndani ya chumba hiki ni Kiingereza tu, atakayetumia lugha nyingine anatolewa. Akanipa habari ya mvuvi na mkewe. Nikasoma maswali kwanza kama ulivyonifundisha. Nikajibu yote. Alikuwa anatikisa kichwa, vizuri, vizuri. Moyo wangu ulianza kucheza.

Kisha akafunika karatasi, akasema tuzungumze. Nyumbani kwenu mkubwa ni nani? Nikajibu, baba mkwe wangu. Anaitwa nani?

Nikanyamaza.

Akadhani sikusikia. Akarudia polepole. Nikanyamaza. Akarudia tena, sasa akijionyesha kifuani, "Mimi jina langu fulani. Yeye?" kama anayezungumza na mtoto wa kunyonya. Jasho likanitoka. Nilikuwa namwelewa kila neno! Nilimwelewa kuliko ninavyoelewa mahubiri. Lakini wewe unajua, na kama hujui kwa kukaa mjini basi nakukumbusha: tangu nilipoingia nyumba ile na shela langu, jina la mzee halijapita midomoni mwangu. Shemeji zangu nawaita Mwenye Macho na Mpanda Mbio. Jina la mzee sijalitamka hata nikiwa peke yangu. Mavyaa alikufa hajalisikia kinywani mwangu. Nikikuta mtu mwingine anaitwa hivyo, hata kwenye kitabu cha hadithi darasani, nawaambia watoto "yule bwana".

Na sikuweza kueleza. Kwa Kiingereza sina maneno hayo, na lugha nyingine imekatazwa. Tena nikwambie ukweli wenyewe: hata ingeruhusiwa nisingesema. Nisimame mbele ya watu wa mjini, mimi mwalimu mwenye diploma, niwaambie jina la baba mkwe mwiko? Wangenitazama kama vyungu vya kale vilivyowekwa nyuma ya kioo. Niliona haya kulitaja, na nikaona haya kusema kwamba naona haya.

Nje ya dirisha Upel akacheka. Msichana akaandika. Niliiona karatasi baadaye: "Haelewi maswali mepesi."

Haelewi! Mimi!

Sasa watoto wa kijiji wana mchezo. Mmoja anauliza kwa Kiingereza, "Anaitwa nani?" na wenzake wanafumba midomo, wanatoa macho kama samaki, kisha wanaanguka kwa kicheko. Hata mwanangu mdogo aliucheza bila kujua ni mimi. Nilimpiga kofi, kisha nikalia kuliko yeye.

Wamenipa nafasi ya mwisho, tarehe ishirini na mbili Agosti, makao ya wilaya. Baba watoto na mzee nimewaambia habari ilikuwa ngumu. Ndiyo aibu yangu ya tatu, kuwaongopea.

Jiparkul


Bishkek, 14 Julai 1997

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, kuna joto. Sina salamu nyingine, nimekasirika.

Nimekasirika na yule mwenye miwani, na Upel, na wewe pia. Umekesha na kitabu miezi mingapi, umezoea kutoa ulimi mbele ya ng'ombe, halafu kazi ipotee kwa neno moja? Neno ambalo mimi naweza kuliandika hapa sasa hivi! Mimi si mkamwana wenu. Siliandiki kwa sababu najua utaichana barua.

Nisikilize kama mwalimu wako. Mizimu haijui Kiingereza. Ukisema kwa Kiingereza "jina lake ni fulani" hujamwita mzee. Umejibu swali. Ni kama kusoma kipimo cha homa. Mzee hayupo chumbani, hakusikii, na hakuna anayemjua. Kule wilayani wanakaa ndani, hakuna watoto madirishani. Sema mara moja, kazi iwe yako, rudi nyumbani unyamaze tena mpaka kufa.

Kama hutaki, basi nakuandikia sentensi ya kueleza: "Kwa desturi yetu hatutaji majina ya wakwe." Nimeiweka karatasi ya pili, na jinsi ya kuitamka. Ijifunze. Hakuna aibu hapo, Shangazi. Mficha uchi hazai.

Salkin


Malishoni, 1 Agosti 1997

Salkin,

Mzima mimi, wazima wote, mbuzi mmoja kaliwa na mbwa mwitu. Salamu zimekwisha.

Sentensi yako nimeijifunza na nimeikataa. "Kwa desturi yetu." Nikishasema hivyo, Septemba nitaingiaje darasani? Mwenye miwani ataondoka na hadithi tamu ya kusimulia mezani kwao, kwamba huko milimani kuna mwalimu wa Kiingereza anayeogopa jina la mtu. Hapana.

Na ya kwanza, ya kutaja. Unadhani sijajaribu? Nilishuka mtoni ambako maji yanapiga kelele, nikafungua kinywa. Taya zilikaza. Nilihisi namvua mzee kofia yake mbele ya watu.

Humjui mzee huyu vizuri, kwa hiyo nikwambie. Nilipoolewa, mavyaa alisema mkamwana hafundishi, mkamwana anakanda unga. Mzee hakubishana naye. Asubuhi alitandika farasi, akanipandisha nyuma yake, akanipeleka shuleni kwenye theluji, mkoba wangu ameuvaa shingoni yeye, mbele ya kijiji kizima. Akafanya hivyo baridi ile yote. Wanaume wenziwe walimcheka, wakamwita mjakazi wa mkamwana. Hakuwahi kuniomba shukrani. Sijampa kitu maisha yangu yote ila hicho kimoja, kunyamazia jina lake. Sasa unaniambia nikiuze, halafu unasema hakuna atakayesikia. Mimi je? Mimi sisikii?

Lakini bila kazi tutakula nini, Salkin? Sufu hainunuliwi. Baba watoto anachunga kondoo wa watu. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, na mwenye njaa je, ni nani?

Jambo jingine. Juzi mzee alirudi kutoka karamu ya Kochkor, alikokutana na watu wa kwetu. Nikamtilia chai. Akashika bakuli, akaitazama chai badala ya kuinywa, akauliza, "Mwanangu, ile habari uliyopewa na tume ilikuwa ngumu sana?" Nikasema ndiyo, Baba. Akauliza, "Ilihusu nini?" Nikasema, mvuvi na mkewe. Akasema, "Mvuvi tu?" Nikainuka kama nafuata maziwa, nikakaa nyuma ya hema mpaka mashavu yakapoa.

Nani amemwambia? Sababu yenyewe unaijua wewe peke yako. Nakuuliza, na wewe ujibu kwa sentensi kamili.

Jiparkul


Bishkek, 10 Agosti 1997

Shikamoo Shangazi yangu,

Huku wazima. Bibi anakusalimu sana, mno, kuliko kawaida, na anasema usimkasirikie mtu mzee aliyelemewa na neno moyoni.

Swali lako ni jepesi na nimelielewa. Niruhusu niache pengo.

Nina haya, Shangazi. Nilidhani nakufundisha wewe Kiingereza, kumbe nilikuwa najionyesha kuwa nimeendelea kuliko wewe. Barua yangu ya mwisho niliisoma tena kichwani mwangu nikiwa nimelala, nikajifunika shuka. Habari ya mkoba na theluji hakuna aliyewahi kunisimulia.

Fanya utakaloona. Ukilitaja, sitakucheka wala kukusifu. Usipolitaja, njoo mjini nikufundishe kufuma kweli.

Mwanao,
Salkin


Ak-Jar, 26 Agosti 1997

Salkin mwanangu,

Tumeshuka kutoka malishoni, nyumba imejaa vumbi na panya. Viazi vimezaa vizuri. Mwambie bibi yako simkasirikii kwa neno alilompa mzee. Mwambie pia ningeweza kumkasirikia.

Nimepata kazi. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki bila kukimbia.

Nilikwenda wilayani na lori la maziwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilishaamua, na wala sitaki kukudanganya kwamba nilisitasita. Niliwatazama watoto wamelala, nikaamua: nitalitaja. Kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayeng'oa jino. Asubuhi nilimtilia mzee chai nikashindwa kumtazama usoni. Nilikuwa tayari nimeshamvunjia heshima, bado kusema tu.

Chumba ni kingine, lakini watu ni wale wale na miwani ile ile. Walimu wengine walikaa nyuma wakingoja zamu, Upel pamoja nao, maana Kijerumani chake nacho hakikumwokoa. Nilisoma habari ya mwanamke aliyepoteza ufunguo. Nikajibu yote. Kijineno nilikiweka kila mahali, hata pasipostahili. Msichana akafunika karatasi. Akasema, nakukumbuka wewe. Akatabasamu, si kwa ubaya, nadhani alitaka kunisaidia, akachagua swali jepesi kuliko yote aliyonayo. Mkubwa wa nyumba yenu anaitwa nani?

Nyuma, Upel akaguna.

Nikavuta pumzi. Nikasema, jina lake ni. Nikafungua kinywa, na sauti ya kwanza ikatoka.

Mlangoni mtu akakohoa.

Unajua namna wazee wa kwetu wanavyokohoa kabla ya kuingia nyumba yenye wakamwana, ili tupate kujifunika vichwa. Kikohozi kile ningekijua hata kaburini. Mkono wangu ulipanda wenyewe kuvuta kitambaa. Mzee alikuwa amesimama pale, kofia yake nyeupe kichwani, buti zina tope, mjeledi mkononi. Alikuja na farasi njia yote ile, kwa goti lile. Hakuvua kofia. Akalitaja jina lake mwenyewe, zima, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ya mtu anayewaita farasi kutoka ng'ambo ya mto. Kisha akaketi kwenye kiti karibu na mlango, kama kwamba ndicho alichokijia.

Mwanamume mmoja wa tume akaanza kusema, mzee, hapa hairuhusiwi. Msichana akamzuia kwa mkono. Akanigeukia, na kwa Kiingereza akasema, mtahiniwa lazima ajibu mwenyewe. Anaitwa nani?

Nami nikajibu kwa Kiingereza, "Amekuambia mwenyewe. Umemsikia vizuri kuliko ningeweza kusema mimi."

Sijui ilitoka wapi. Haikuwa kwenye karatasi zako. Sikuitafsiri. Yule msichana alinitazama, akamtazama mzee, akatazama kitambaa changu, na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Nadhani alikuwa na bibi mahali fulani aliyeishi hivyo. Akachukua kalamu akaandika bila kuinua kichwa. Akasema naweza kwenda. Upel hakucheka.

Sasa utasema, Shangazi, mbona huna furaha? Mzee kakuokoa, kazi umepata, jina hukulitaja. Watu wote hapa wanasema hivyo. Baba watoto anasimulia kila nyumba, na anazidi kuongeza chumvi, sasa mzee ameingia na farasi mpaka ndani.

Lakini mimi nilikuwa mle chumbani. Alikuja kunisitiri, na alinikuta kinywa wazi. Hakuchelewa sana, ila alichelewa kidogo. Niliomba Mungu masikio yake yawe mazito kama goti lake.

Kurudi, alikataa kupanda. Akanipandisha mimi kwenye farasi, yeye akashika hatamu akitembea mbele, akichechemea, nami juu nikifa kwa haya, watu wanatupita wanatazama. Tulipovuka daraja akasema bila kugeuka, "Ile sauti ya kwanza, mwanangu, uliipatia vizuri."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na farasi wake. Nilivuta kitambaa mpaka machoni. Nilitaka kushuka nimbusu mkono, nilitaka kusema nisamehe Baba, sikuweza lolote kati ya hayo, katika lugha yoyote ninayoijua. Yeye akaanza kuzungumza habari za majani makavu, kama yatatosha baridi hii au tukate mengine, na akaendelea nazo mpaka nyumbani.

Jiparkul